Mwaka Wateja Walipomuulizia Régine

Wiki mbili kabla Régine hajaingia katika chumba changu cha kushonea, nilikuwa nimesimama katika ukumbi wa parokia mbele ya akina mama wapatao arobaini, washonaji, wakaanga maandazi, wauza dawa na wauza vitenge, nikiwafundisha namna ya kumtanguliza mteja. Nilialikwa na watu wa mafunzo ya biashara ndogo, nami nilivaa libaya yangu ya kijani, blauzi ambayo huwa naitoa sandukuni kwa ubatizo na ndoa tu. Niliwaambia mteja apewe kiti kwanza, habari ya kitambaa ifuate. Niliwaambia siku ya kuchukua nguo iwe siku ya kweli, hata kama iko mbali na itamkasirisha. Niliwaambia mabaki ya kitambaa ni mali ya aliyekileta, hata kipande cha upana wa vidole viwili, akunjiwe na kurudishiwa. Waliandika kila kitu. Mwishoni mama mmoja mwembamba aliyekaa karibu na mlango aliinua kalamu akauliza, "Mama Doro, hii maneno yote ulijifunzaka wapi?" Nikamjibu bila kumeza mate kwamba nilijifunza mwenyewe, kwa kuangalia. Wakapiga makofi. Na kwa kweli niliangalia. Niliangalia mwaka mzima, kwa jicho baya, na mtu niliyekuwa namwangalia sikumtaja.

Régine aliingia siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, na kitenge ndani ya mfuko wa plastiki, viatu vimejaa vumbi la njia ya Boga. Chantal, msichana wangu wa kwanza kazini, alimpa kiti na glasi ya maji kabla mimi sijainua kichwa. Nilikuwa nakata kola. Nilisikia tu sauti ikisema, "Aksanti, mwanangu. Weye unaitwa nani?" na mkasi ukasimama mkononi. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya thelathini, lakini masikio yangu yalimjua kabla ya macho. Mtu mwema angefurahi kwanza, na mtu mwenye akili angeogopa kwanza. Mimi niliona wivu kwanza, kwa sababu Chantal, ambaye mbele yangu hucheka labda mara moja kwa wiki, alikuwa tayari anacheka na mgeni. Nikabaki nimeinamia kola ile muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Tulikuwa washonaji wawili kwa Mama Léontine, mtaa wa Nyakasanza, hapa Bunia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, Régine ishirini, na yeye alinikuta pale. Jambo hilo nilimwambia kila mtu, hata ambaye hakuuliza: alinikuta. Juu ya nyumbani kwetu na kwao sina la kusema hapa, maana mwaka ule ulikuwa wote ndani ya vyumba vitatu vilivyofuatana. Cha mbele kilikuwa na mashine tatu na mlango uliotazama barabara. Cha katikati kilikuwa kidogo, chenye pazia la buluu, ambako wanawake walipimwa. Cha nyuma kilikuwa chetu, na kitanda kimoja tulicholala wote wawili, msumari wa kutundika nguo, na dirisha lililotuletea moshi wa jikoni kwa jirani. Kazi ya kwanza asubuhi ilikuwa kufuta vumbi jekundu juu ya mashine, ya pili kuwasha makaa ya pasi. Kuwasha pasi kulikuwa kwa zamu, na zamu za Régine nilizikumbuka vizuri kuliko zangu.

Mama Léontine mwenyewe alikuwa amevimba miguu, na kutwa nzima aliketi mlangoni akisalimia barabara. Alikuwa na binti katika mji wa Aru ambaye kila mara alimtumia salamu kwamba aende akapumzike. Mwanzoni mwa mwaka ule, tukiwa tunakula bugali na mboga ya lenda kwenye sinia moja, aliramba vidole akasema, kama mtu anayetaja bei ya sabuni, "Mwaka hii ikiisha, mi nakwenda Aru kwa binti yangu. Hii nyumba na mashine nitaachia moja wenu. Sijuye bado nani. Nitaangalia kazi." Régine alimwambia miguu yake ndiyo muhimu, hayo mengine yatajipanga. Mimi sikusema kitu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa, na kwa sababu nilijua tayari kwamba ni mimi. Kama ni kazi, kazi yangu ilionekana. Mshono wangu ulinyooka bila chaki. Mikono niliyoitia kwenye libaya ilikaa begani kama imeota pale. Mshono wa Régine ulikuwa wa kawaida, na nasema hivyo leo bila chuki: ulikuwa wa kawaida kabisa. Zipu zake alizirudia mara mbili.

Lakini wateja walikuwa wanasimama mlangoni na kuuliza, "Régine iko?" Nikisema ametoka, nikisema mimi niko, mama, lete nione, wanakumbatia kitambaa chao kifuani na kusema, "Hapana, nitarudia. Si ya haraka." Si ya haraka, na ndoa ni Jumamosi. Nilianza kuhesabu. Kulikuwa na siku watu sita waliuliza Régine na hakuna aliyeuliza Doro, isipokuwa mwendesha moto, yaani pikipiki, aliyetaka kujua kama Doro ndiye anauza makaa. Usiku nilitazama mgongo wake pale kitandani nikajiuliza wanachokiona ni nini. Hakuwa mrembo kunishinda. Hakuwa na maneno matamu. Kusema kweli alisema maneno ambayo mshonaji yeyote wa Bunia angeyaona ni ya kujifungia mlango. Mwanamke anakuja Jumatatu, anataka nguo Jumamosi. Sisi wote tulijibu sawa, tangu Mudzipela hadi sokoni: ndiyo mama, Jumamosi. Jumamosi ikifika tunasema kesho, na kesho tunasema umeme ulikatika. Ndivyo kazi ilivyokwenda, na mteja alijua, na sisi tulijua kwamba anajua. Régine alimtazama yule mwanamke machoni akamwambia, "Mama, sitakudanganya. Samedi haitawezekana. Kuya mercredi ingine, saa nane, utakuta imeisha."

"Ku bengine banasema samedi," mwanamke akasema.

"Samedi yao unaijua, mama."

Nikamwambia baadaye, "Uko nafukuza bateja." Akasema labda. Yule mwanamke alikasirika, akaondoka, akarudi Jumatano ile saa nane, na nguo ilikuwa imetundikwa, imepigwa pasi. Alikuja na dada yake. Mwezi uliofuata dada alikuja na mashemeji wawili. Mama Léontine, ambaye mwanzoni alikuwa akimgombeza kwamba anataja siku za mbali kama mtu asiyetaka kazi, alinyamaza, akaanza kumtazama Régine kwa macho ya kufikiri, na macho yale niliyaona.

Halafu mabaki. Kila mshonaji alikuwa na gunia la mabaki, nalo lilikuwa haki yetu kama mifupa ni haki ya mpishi. Gunia langu lilikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa nashona tandiko, kitenge cha huyu, kitenge cha yule, na tandiko lilikuwa limefika magotini. Régine aliyakunja mabaki ya kila mteja, hata kona zisizofaa kitu, akayatia mfukoni pamoja na nguo. Siku moja mwanamke alifungua mfuko pale pale, akatoa vipande vyake, akavitazama, kisha akanitazama mimi. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemshonea kaptula ya mwanawe. Hakusema kitu, lakini ile kaptula ilikuwa na baki zuri sana, jekundu, na lilikuwa katikati ya tandiko langu. Jioni nikamwambia Régine anatutia aibu. Akasema, "Doro, mi sikuseme kitu juu yako." Ni kweli, hakusema. Angesema ningemchukia kwa urahisi zaidi.

Tulikula mchana saa saba, ugali baridi au viazi vitamu, siku njema samaki wa chumvi, makayabu, waliokaangwa na vitunguu. Mteja akiingia katikati ya chakula, mimi nilijibu nikiwa nimekaa, mkono kwenye sinia: subiri kidogo mama. Régine alinawa, akainuka, akaenda nyuma ya pazia, na akirudi chakula kimeganda. Siku moja alikaa huko muda mrefu na Mama Bernadette. Huyu aliuza vitenge katika soko kuu, na aliyenunua kwake akiuliza akashone wapi, alimtuma kwetu. Nusu ya kazi yetu ilitoka mdomoni mwake. Alikuja akiwa amejifunika shali hata wakati wa joto. Nilisikia wakinong'ona nyuma ya pazia, kisha Mama Bernadette akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, kisha akajipenga kamasi. Mimi nilikuwa na sinia mbele yangu, na wivu. Nilikula samaki wa Régine. Nilimla pamoja na kichwa. Aliporudi akaona sinia, akasema tu, "Ah, ulikuwa na njaa," akala ugali mtupu, kisha akachukua daftari lake akaandika.

Daftari lile lilikuwa la shule, la mistari, na jalada la buluu. Sote tuliandika vipimo kwenye vipande vya karatasi tukavipoteza. Yeye alimwandikia kila mwanamke ukurasa wake, na alilifungia ndani ya sanduku lake chini ya nguo. Nilipomuuliza anaandika nini wakati vipimo ni mistari mitano, akasema, "Vitu vya kukumbuka," akafunga.

Mwezi wa tisa malaria ilimkamata. Haikuwa ile ya kuinama siku moja na kuinuka. Alilala chali kitandani mwetu siku tano, meno yakigongana, na mimi ndiye niliyemtunza, maana hakuwa na mtu mwingine mjini. Nilimlowesha kitambaa usoni, nilimpa vidonge, nilimwinua kichwa anywe. Nilifanya vizuri, sitaki kujinyima hilo. Siku ya pili aliniomba nimtolee shuka safi sandukuni, na ufunguo akanipa mwenyewe, na chini ya shuka kulikuwa na daftari. Nikalisoma nimekaa sakafuni, yeye akiwa amefumba macho hatua mbili kutoka kwangu. Nilidhani nitakuta siri ya biashara. Nilikuta wanawake. Fulani bega la kulia liko chini, usimwambie, inua kwa pamba upande huo. Fulani hapendi kuulizwa mume. Fulani ana kovu kiwikoni, mkono ufike hapo, mwambie ni mtindo. Fulani amefiwa na mtoto mwezi wa nne, asionyeshwe picha za nguo za watoto. Fulani anasema hana haraka lakini ana haraka. Kurasa na kurasa. Na ukurasa wa Mama Bernadette: titi la kushoto lilitolewa hospitalini. Mfuko wa ndani, pamba nyepesi, si sponji, sponji inamchoma. Asipimwe mbele ya mtu. Asiguswe upande huo kabla ya kuambiwa.

Nililisoma mara tatu katika siku tatu, na nikalikariri, maana mwenye wivu hukariri upesi. Nilifikiri kwa furaha kabisa kwamba sasa ninacho alichonacho. Siku ya nne Mama Bernadette akaingia. Ateliye, chumba chetu cha kushonea, ilikuwa imejaa, wanawake watano kwenye benchi, Mama Léontine mlangoni. Akauliza, "Régine iko?" Nikainuka, maana niliyaona kwa macho yangu mambo ya Régine ya kuinuka. Nikampa kiti. Nikamwambia Régine ni mgonjwa. Akasema basi atarudia. Na mimi, kwa sauti ya kutosha benchi zima lisikie jinsi ninavyomjua mteja wangu, nikasema, "Mama, usirudie. Mi najua vile unapenda. Ule upande ya kushoto nitaweka pamba nyepesi, hapana sponji. Nitashona muzuri hata kupita Régine."

Mwanamke mmoja kwenye benchi aliteremsha macho hadi kifuani kwa Mama Bernadette, kisha akayaondoa haraka, na hiyo haraka ilikuwa mbaya kuliko kutazama. Mama Bernadette alivuta shali. Aliinuka akatoka, akaacha kitambaa chake juu ya meza, na mpaka leo nakumbuka maua yake, makubwa ya manjano. Mimi nilisimama na metre, kamba yangu ya kupimia, shingoni. Sikuelewa nimekosea wapi kwa muda kama wa kuhesabu hadi kumi, kisha nikaelewa kote kwa mara moja.

Mama Léontine alifunga kazi mapema siku ile. Aliniita nyuma ya pazia la buluu, akakaa kwenye kigoda, akasema polepole, "Ile maneno, nani alikuambia? Mama Bernadette alionyesha Régine peke yake. Hata bwana yake mwenyewe hapendi aone." Upande wa pili wa ukuta Régine alikuwa akikohoa. Ningesema nimesoma daftari. Ni sentensi fupi. Lakini mwaka ulikuwa umebaki miezi mitatu, na mashine zile tatu nilizifuta kila asubuhi nikijua ni zangu. Nikasema, "Régine alisema, mama. Mu homa. Alikuwa anaongea-ongea, hajui." Mama Léontine alisugua magoti yake. Akasema, "Homa nayo," kisha akasema, "Lakini mutu ya kuchunga siri, hata mu homa anachunga." Nikatikisa kichwa kukubali.

Régine alipoweza kukaa, ni mimi niliyemwambia. Nilimletea uji wa mtama, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia kwamba katika homa alitaja habari za Mama Bernadette, na mimi nilidhani si siri, ikanitoka mbele ya watu. Nilimwambia kwa upole sana. Alinitazama kwa macho yale yenye umanjano wa dawa, akauliza, "Mi nilisema? Kwa kinywa yangu?" Nikasema ndiyo. Akauliza mara ya pili. Nikasema ndiyo mara ya pili, na mara hii ilikuja kirahisi zaidi. Hakulia. Aliweka bakuli chini. Siku ya pili alikwenda kwa Mama Bernadette kwa miguu, akiwa bado anayumba, na mlango haukufunguliwa. Aliporudi alichukua daftari, akaifungua pasi, na akachana ukurasa mmoja mmoja akiutia juu ya makaa, akisubiri huu uishe kabla ya kutia mwingine. Mama Léontine alimwambia hakuna aliyemfukuza. Régine akajibu, "Mama, mi sitajua tena nini inatoka mu kinywa yangu. Batu banakuya hapa banavua nguo mbele yangu." Jumamosi alipanda gari la mizigo lililokuwa likienda Boga. Nilimbebea sanduku mpaka garini.

Mwisho wa mwaka nyumba ilikuwa yangu. Wiki za kwanza wateja wa Mama Bernadette hawakuja, na yeye hakurudi kamwe. Walisema anashonewa Mudzipela, na miaka ilipopita tukasikia amefariki. Nilikuwa na mashine tatu na benchi tupu. Ndipo nilipoanza kufanya kila kitu alichofanya Régine, kimoja baada ya kingine, kwa hasira, kama mtu anayevaa nguo za mwingine kuona kama zinamfaa. Kiti. Maji. Siku ya kweli. Nililifumua tandiko langu na kurudisha vipande ambavyo wenyewe niliwakumbuka. Nilinunua daftari, na kurasa zilizoungua nikaziandika upya kutoka kichwani, zote isipokuwa mmoja. Wateja walirudi. Tulipitiwa na mabaya mengi katika mji huu, tulifunga tukafungua, mwisho katika mtaa mwingine, na kila tulipofungua walirudi. Nimesifiwa sana. Na kila sifa iliniudhi kidogo, maana niliisikia ikimpita mtu mwingine njiani kabla ya kunifikia.

Basi Alhamisi ile niliinua kichwa kutoka kwenye kola. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele nyeupe mbele ya masikio. Alinitazama, akaweka glasi chini.

"Doro," akasema. "Kumbe hapa ni kwako."

"Ni kwangu."

"Ku Boga banasema, kama unataka nguo iishe siku ile bamesema, uende Bunia kwa Mama Doro. Sikujua ni weye. Kuko ba-Doro mingi." Akacheka. Alisema binti yake wa mwisho anaolewa, na yeye anataka libaya ya kuvaa siku hiyo, ya heshima, isiyombana. Nilimpeleka mwenyewe nyuma ya pazia. Nilimpima mabega. Chantal alisimama karibu akiandika. Nikamuuliza kama bado anashona.

"Mifuko ya maharagi tu, kwa balimaji. Mifuko haina siri." Akacheka tena, na Chantal akacheka naye bila kujua wanacheka nini. "Doro, unajua, hata leo malaria ikinikamata, mi nafungaka kinywa na foulard. Nafunga nguvu, hapa nyuma. Batoto bananicheka. Nabaambia, hamujui kinywa ya mama yenu. Bwana yangu alizoea. Yeye mwenyewe ananifungiaka sasa, mikono yangu ikiwa inatetemeka."

Nilikuwa na metre kati ya bega lake moja na lingine. Miaka yote ile nilijiambia kwamba amesahau, kwamba aliolewa, kwamba Boga kuna mashamba mazuri. Sikuwahi kumfikiria na kitambaa mdomoni.

"Régine," nikasema. "Hukusema."

"Nini?"

"Mu ile homa. Juu ya Mama Bernadette, hukusema kitu. Nilisoma mu kaye yako, mu ile daftari. Ulikuwa umelala."

Hakugeuka. Nilikuwa namwona kwenye kioo kidogo cha ukutani, paji la uso tu na macho. Chantal aliacha kuandika. Nje pikipiki ilipita, kisha nyingine.

"Sasa mu homa nilisema nini?" akauliza.

"Uliomba maji."

"Tu?"

"Maji tu. Kila mara maji."

Kisha akauliza kama Mama Bernadette yuko hai, nikasema hapana. Akauliza kama aliwahi kuambiwa ukweli, nikasema hapana. Nilianza kumweleza habari ya nyumba na mashine, kwamba nilikuwa kijana, kwamba nilimwonea wivu, kwamba kila kitu hapa ni chake, kiti ni chake, mabaki ni yake, na hata wiki mbili zilizopita mbele ya watu. Sikumaliza. Alikuwa anaitoa metre mabegani mwake, pole pole, akaizungusha vidoleni, akaiweka juu ya kigoda. Hakunitukana. Nilikuwa nangojea anitukane, na ningeshukuru. Alikunja kitenge chake, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akamgeukia msichana wangu.

"Chantal, mwanangu, kuko mushonaji mwingine hapa karibu?"

Chantal alinitazama. Yuko Faustin, upande wa pili wa barabara, kijana ambaye mishono yake imepinda na ambaye humwambia kila mteja kesho. Tumemcheka sana, mimi na wasichana. Lakini wasichana wangu nimewafundisha kwamba mteja ambaye hatuwezi kumhudumia haachwi barabarani, anasindikizwa mpaka kwa mwenye kuweza, na mfuko wake anabebewa. Chantal alingoja nimwambie asiende. Nikawafungulia pazia. Akachukua ule mfuko wa plastiki kwa mikono miwili, akasema, "Twende, mama," na wakatoka, wakasimama ukingoni mwa barabara kungoja moto zipite, Régine amemshika Chantal mkono na anamuuliza jambo. Nilisimama mlangoni. Nilimwona Faustin akiinuka, nikamwona akichukua metre yake na kumzungushia Régine mabegani. Nimewaonea wivu watu wengi maishani mwangu, lakini kijana yule wa mishono iliyopinda nilimwonea kuliko wote.